Kasha la Kompyuta Linalopumua: Mwongozo Kamili kwa Anayeishi Kwenye Joto

Kasha la kwanza nililonunua kwa hela yangu nililichagua kwa macho. Kioo ubavuni, kioo mbele, na nyuma ya kioo hicho feni tatu zinazobadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Ndani nikafunga prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya grafiki ya RTX 3060, mashine ya kawaida tu. Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, chumba kina pangaboi lakini hakina kiyoyozi. Kila nikicheza dakika 20 hivi, picha zinaanza kukwamakwama. Nikafungua HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto: kadi iko nyuzi 83 na haishuki. Nikalegeza skrubu mbili za nyuma, nikavuta kioo cha ubavuni, nikakiegemeza ukutani, nikaendelea kucheza. Robo saa baadaye kadi ilikuwa nyuzi 72.

Nyuzi 11, kwa kutoa kioo tu. Feni zilikuwa zilezile, kadi ileile, chumba kilekile. Hewa ndiyo ilipata pa kupitia.

Tangu siku hiyo mtu akinitumia picha ya kasha kwenye simu na kuuliza "hili vipi fundi?", nami humuuliza: linavutia hewa wapi? Wengi hawajui, na hawana kosa, kwa sababu picha za dukani hupigwa upande wa kioo na taa.

Jua joto lako kwanza

Kompyuta ni jiko. Umeme inaoula hugeuka joto karibu wote, na joto hilo lazima litoke nje ya kasha. Kwa hiyo kabla ya kutazama kasha lolote, jumlisha wati zako. RTX 3060 hula hadi wati 170. Ryzen 5 5600 imeandikiwa wati 65, ikikazana huvuka kidogo. Ongeza mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote), diski, feni na kinachopotea kwenye pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme), utafika kama wati 300. Mwenye RTX 4060 ana nafuu, kadi yake ni wati 115. Mwenye RTX 4090 anabeba wati 450 kwenye kadi pekee, na akiioanisha na prosesa ya Core i9-14900K inayoweza kufika wati 253, anakaa na pasi ya umeme chini ya meza.

Hesabu ya hewa si ngumu. Chukua wati, zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa nyuzi unazokubali hewa ipande tangu inapoingia hadi inapotoka. Jibu ni mita za ujazo za hewa kwa saa. Mashine yangu: 300 mara 3 ni 900, nikikubali hewa ipande nyuzi 10, nahitaji mita za ujazo 90 kila saa. Ile ya RTX 4090, tuseme wati 750, inahitaji 225.

Sasa soma boksi la feni. Arctic P12 ya milimita 120, feni ya bei nafuu na nzuri, imeandikiwa mita za ujazo 95 hivi kwa saa. Unaweza kudhani feni moja imemaliza kazi. Lakini namba hiyo hupimwa feni ikiwa wazi, inazunguka kwa kasi yake yote, mbele yake hakuna kitu. Iweke nyuma ya chujio na wavu, ipunguze kasi ili isikupigie kelele usiku, na usishangae ikibakiwa na nusu au pungufu. Iweke nyuma ya kioo, hapo hata sitaki kusema. Ndiyo maana mashine ya wati 300 naipa feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa, na bado sijioni nimezidisha.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa pwani tunalisahau. Feni haitengenezi baridi. Inaleta hewa ya chumba, basi, na kilichomo ndani hakiwezi kuwa baridi kuliko chumba. Majaribio mengi ya makasha unayoyaona mtandaoni hufanywa Ulaya na Marekani, kwenye vyumba vya nyuzi 21 hivi. Wakikuambia kadi ilifika nyuzi 70, maana yake ilipanda nyuzi 49 juu ya chumba. Chumba chako cha Mombasa au Dar mchana wa Februari ni nyuzi 32, kwa hiyo wewe tarajia kama 81. Kadi nyingi za NVIDIA, wenye hizi RTX, za aina hii huanza kujipunguzia kasi zikikaribia 83, na Ryzen 5 5600 mwisho wake ni nyuzi 90. Mwenzako wa Ulaya akichagua kasha lililozibwa mbele, bado ana nafasi ya makosa. Wewe nafasi hiyo imeshaliwa na jua. Kila ukisoma jaribio la mtu, toa joto la chumba chake kisha ongeza la kwako, halafu ndipo ufurahi.

(Wa Nairobi wataniuliza kuhusu mwinuko. Jiji liko mita 1,795 hivi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya huku pwani, kwa hiyo kila mita ya ujazo hubeba joto pungufu. Lakini chumba chenu ni cha baridi, na ubaridi huo unafidia vizuri tu. Msijisikie vibaya.)

Anza na pua

Sehemu ya mbele ya kasha ndiyo pua yake. Ikiziba, hakuna feni ya kuliokoa, hata ukifunga kumi.

Pua ziko za aina tatu. Ya kwanza ni wavu wa chuma wenye vitundu vidogo vingi, unaona feni kwa mbali nyuma yake. Ya pili ni plastiki iliyotobolewa kwa mapambo, matundu machache makubwa au mistari. Hii hutegemea, nyingine ni nzuri na nyingine ni pambo tu. Ya tatu ni kioo au bamba zima, na hewa inatakiwa ijipenyeze pembeni kupitia upenyo mwembamba.

Hiyo ya tatu ipigie hesabu mwenyewe. Feni moja ya milimita 120 ina mdomo wa kama sentimita za mraba 113. Feni tatu ni 339. Sasa chukua futi kamba upime upenyo kati ya kioo na fremu. Kwenye kasha langu lile ulikuwa sentimita 1, urefu sentimita 40, pande mbili: sentimita za mraba 80. Feni tatu zenye mdomo wa 339 zinanyonya kupitia 80, chini ya robo. Ni kama kunywa uji mzito kwa mrija wa soda. Feni zinazunguka, taa zinawaka, kelele ipo, hewa hakuna.

Watengenezaji wenyewe wanajua. Corsair walipotoa 4000D mwaka 2020 waliitoa kwa sura mbili, moja yenye uso mzima na nyingine yenye uso wa matundu, wakaipa hiyo ya pili jina la Airflow. NZXT walikuwa na H510 ya mwaka 2019 iliyozibwa mbele, safi kwa macho. Mwaka 2022 wakaleta H5 Flow yenye uso uliotobolewa. Fractal Design walikuwa na Meshify C tangu 2017, na Lian Li kwenye Lancool 216 wameweka mbele feni mbili za milimita 160. Sikuambii ununue hizi. Nyingine hutazipata, na nyingine ukizipata bei itakukimbiza. Ila ukiziona picha zake utajua jicho lako litafute nini hata kwenye kasha ambalo jina lake halisomeki.

Kuna aina nyingine inayopendwa sasa, kasha la vioo viwili kama tangi la samaki, mbele kioo na ubavuni kioo. O11 Dynamic ya Lian Li ya mwaka 2018 ndiyo iliyoipa aina hiyo umaarufu. Hilo lina kioo mbele, na bado linaweza kupumua vizuri, kwa sababu pua yake iko chini na ubavu wa pili. Feni tatu za chini zinapuliza hewa mpya moja kwa moja kwenye kadi. Shida ni mfuko: mengi huuzwa bila feni hata moja, na ukiacha nafasi za chini tupu umenunua kabati la kioo. Ukilitaka, jumlisha bei ya kasha na ya feni sita, ndipo uliite rahisi au ghali.

Dukani

Nenda na futi kamba, tochi ya simu na karatasi laini ya chooni. Nasema kweli.

Omba litolewe kwenye boksi. Kisha omba kutoa uso. Mara ya mwisho nilipofanya hivi Kariakoo kijana wa dukani aliniambia, "Bosi, hilo halifunguki, limekuja hivyohivyo na kiwanda."

"Linafunguka, mdogo wangu. Nishikie fremu tu."

Chini kabisa ya uso wa mbele kasha huwa na nafasi ya kuingiza vidole. Shika hapo, mkono mwingine ukandamize fremu, vuta kwa nguvu ya taratibu kuelekea kwako. Linaachia kwa mlio wa "tap, tap", vile vishikizo vya plastiki vinavyotoka kimoja kimoja. Yule kijana akacheka. Mimi sikucheka, maana nyuma ya ule wavu mzuri kulikuwa na bamba la plastiki lenye vitundu vya kuhesabika. Wavu ulikuwa sura, bamba ndilo ukweli. Nikalirudisha.

Ukishautoa uso, washa tochi upande wa nyuma na utazame kwa mbele. Mwanga ukipita kwa wingi, hewa itapita. Ukiona vinyota viwili vitatu, achana nalo. Halafu weka kiganja upande mmoja na upulize kwa mdomo upande wa pili. Unapaswa kuhisi pumzi yako. Angalia pia kama kuna wavu, nyuma yake sponji, na nyuma ya sponji chujio jingine. Tabaka moja linatosha. Sponji nene hukaba hewa hata likiwa jipya, likishajaa vumbi ndiyo kabisa.

Kama duka lina mashine ya mfano imewashwa kwenye kasha hilohilo, ning'iniza kipande cha karatasi laini mbele ya uso. Kinatakiwa kivutwe na kubaki kimenata. Kikining'inia bila habari, taa zinakudanganya.

Kisha zitazame feni zilizokuja nazo. Tazama mwisho wa waya. Pini 4 ndogo ni bora, mazabodi itaweza kupandisha na kushusha kasi yenyewe. Pini 3 zinakubalika, mazabodi nyingi huzimudu kwa kubadili volti. Plagi kubwa ya Molex inayochomekwa moja kwa moja kwenye pawa saplai maana yake feni itazunguka kasi moja, mchana na usiku. Na zipo zenye plagi ya ajabu ya pini 6 inayoingia kwenye kisanduku chake tu na rimoti ya taa. Feni hiyo ikifa hupati ya kuchomeka mahali pake mpaka ubadilishe seti nzima. Kasha lenye feni mbili za pini 4 nalichukua kabla ya lenye feni sita za rimoti.

Mwisho wa ukaguzi ni bati. Kandamiza ubavu wa chuma katikati kwa kidole gumba. Likibonyea kama kopo la maziwa, litatetemeka na feni na litakuimbia. Pitisha kidole, polepole, kwenye kingo za ndani: makasha ya bei ya chini huwa na makali ya kukata.

Vipimo visivyokupa nafasi ya pili

Hapa napita haraka, ni kazi ya futi kamba. Mazabodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244, Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kasha kubwa hupokea ndogo; kinyume chake hakiwezekani. Soma urefu wa kadi unaokubalika na kimo cha kipoozeo cha prosesa. Kwa mfano 4000D Airflow inapokea kadi ya hadi milimita 360 na kipoozeo cha 170, na kipoozeo kikubwa kama Noctua NH-D15 kina kimo cha 165, kwa hiyo kinaingia kwa kubana. RTX 4090 ya NVIDIA wenyewe ni milimita 304, za makampuni mengine huvuka 330.

Mtego uko kwenye rejeta, lile bamba ambamo maji ya kupoozea hupozwa na feni. Ukitaka kupoozea kwa maji na kuweka rejeta mbele, toa milimita 27 za rejeta na 25 za feni kwenye ule urefu wa kadi ulioandikwa. Kasha la 360 limebaki na 308. Nimeona mtu akirudi na kadi mkononi kwa sababu ya milimita 6.

Acha pia pengo chini ya kadi. Ikikaa imegusana na kifuniko cha pawa saplai, feni zake hazina cha kuvuta, hata kama mbele ni wavu mtupu. Vidole vitatu ndiyo kipimo changu.

Panga njia ya upepo

Hewa iingie mbele, itoke nyuma na juu. Kwa mashine nyingi huo ndio mpango mzima: mbili mbele, moja nyuma, na ukibaki na hela ya feni moja zaidi iweke juu, upande wa nyuma, juu ya prosesa. Usiiweke juu upande wa mbele ikiwa inatoa. Pale inanyakua hewa mpya iliyoingia sasa hivi na kuitupa nje kabla haijafika popote.

Utaambiwa hewa ya moto hupanda, kwa hiyo lazima itoke juu. Hupanda, ndiyo, lakini kwa unyonge mno ndani ya kasha lenye feni. Feni ya mizunguko 1,000 kwa dakika inaipeleka hewa inakotaka yenyewe. Fuata njia fupi isiyo na kona, sahau mengine.

Upande wa feni wasiojua hugeuza. Hewa hutoka upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota katikati, wenye stika. Upande wa wazi, ule mzuri wa kutazama, ndio unaovuta. Kwa hiyo feni za mbele zinaonyesha uzuri wake nje, feni ya nyuma inaonyesha uzuri ndani. Nyingine zina mshale mdogo kwenye fremu; ukiuona mshukuru Mungu.

Kama kasha linakubali feni za milimita 140, chukua hizo. Mdomo wake ni sentimita za mraba 154 dhidi ya 113, kwa hiyo huleta hewa ileile kwa mzunguko wa pole na kelele ndogo. Pawa saplai iliyo chini igeuze feni yake itazame sakafu, mradi kasha lina miguu ya kuinuka sentimita 2 na chujio linalovutika. Kama kasha linakaa juu ya zulia, igeuze feni hiyo itazame juu au tafuta kibao cha kuweka chini yake.

Halafu hakikisha kinachoingia kinazidi kidogo kinachotoka. Sababu ni vumbi. Kasha linalotoa zaidi kuliko linavyoingiza hufidia kwa kunyonya kupitia kila upenyo: nafasi za USB, matundu ya kadi nyuma, maungio ya bati. Humo kote hakuna chujio. Linaloingiza zaidi husukuma hewa nje kwenye nyufa hizo, na vumbi linabaki kwenye chujio la mbele ambako unaweza kulifuta.

Hili utalithibitisha kwa udi. Washa kijiti kimoja, acha feni zinazunguka, pitisha moshi taratibu kwenye nyufa za nyuma na za ubavuni, kwa umbali wa kiganja. Moshi ukisukumwa mbali, vizuri. Ukivutwa ndani, punguza kasi ya feni ya nyuma kwenye mipangilio ya mazabodi mpaka moshi ubadili mwelekeo. Usikae nao muda mrefu, moshi wa udi una mafuta na hutaki yagande kwenye mapanga ya feni. Dakika moja inatosha, na chumba kinanukia.

Vumbi na chumvi

Chujio zuri ni lile unaloweza kulitoa bila bisibisi. La chini livutike kama droo, kwa mbele au ubavuni. Likivutwa kwa nyuma, utalazimika kuhamisha kasha zima kila mara, na mwishowe hutalitoa kabisa. La juu la sumaku ni raha. La mbele la nailoni lioshe kwa maji, likung'ute, lianike kivulini, lirudishe likiwa kavu kabisa. Kwa nyumba iliyo karibu na barabara ya vumbi, kila wiki mbili. Ghorofani, mara moja kwa mwezi.

Ukipuliza ndani kwa blowa, zima mashine, chomoa waya ukutani na shika mapanga ya feni kwa kidole. Feni ikizungushwa kwa nguvu na blowa huharibu beringi zake na inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, tazama rangi ya bati ilivyopakwa ndani, si nje tu. Mahali palipokatwa bila rangi, kwenye matundu ya skrubu na kingo za nafasi za kadi, ndipo kutu inapoanzia. Wavu wa chuma usiopakwa vizuri hutoa madoa ya kahawia mapema sana, na kutu hiyo hupulizwa ndani.

Ukitaka kuhamisha mashine ya ofisini

Wengi wetu tunaanza na zile Dell OptiPlex na HP za ofisini zilizotumika, tunaongeza kadi, kisha tunataka kuihamishia yote kwenye kasha linalopumua. Simama kwanza. OptiPlex 9020, kwa mfano, inatumia plagi ya umeme ya pini 8 kwenye mazabodi badala ya 24 za kawaida, na waya za kitufe cha kuwashia hazifuati mpangilio wa kasha la dukani. Kuna adapta za hayo yote, lakini ukishanunua adapta, kasha na pawa saplai, mazabodi ya kawaida iliyotumika huwa haiko mbali na bei hiyo. Ushauri wangu: kama ni mashine ndogo ya kulala, weka kadi ya wati 75 isiyohitaji waya wake wa umeme na uiache humohumo. Kasha jipya linunuliwe pamoja na mazabodi inayolikubali.

Baada ya kufunga

Fanya lile jaribio langu la Februari, safari hii makusudi. Andika joto la chumba. Cheza mchezo mzito au endesha programu ya kupasha mashine kama OCCT kwa dakika 30, kasha likiwa limefungwa, andika joto la kadi na la prosesa. Toa ubavu, rudia dakika 30. Tofauti ikiwa nyuzi 2 au 3, kasha lako ni zuri, funga ulale. Nyuzi 5 hadi 7, kuna feni imekaa vibaya au chujio ni zito. Ikizidi hapo, pua imeziba.

Kabla hujalilaumu kasha, tazama lilipokaa. Lile shimo la kuwekea kompyuta kwenye meza za ofisi, lenye mbao pande tatu, hupika kasha lolote, maana hewa iliyotoka nyuma inarudi mbele. Lipe sentimita 15 nyuma, mbele pawe wazi, pazia lisilifunike, na lisikae chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji.

Na kama kasha la kioo umeshalinunua

Langu bado ninalo. Kioo cha mbele kilikuwa kimeshikwa na gundi kwenye fremu ya plastiki. Nilikipasha kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka gundi ikalegea, nikakitoa kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Mahali pake nikakata wavu wa alumini wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, nikaubana kwa skrubu fupi na washa (vile vipete vya chuma). Wavu huo ni wa tundu dogo, si sawa na uso wa kiwandani. Lakini kadi ileile, Februari iliyofuata, chumba kilekile, imesimama nyuzi 75 ubavu ukiwa umefungwa. Kioo nilimpa mpwa wangu, amekifanya cha kuandikia hesabu kwa kalamu ya wino wa kufutika.